Kabla Madam Judith Hajakuambia

Nyemo mwanangu,

Umekwenda kuagana na wenzako wa kwaya, mama yako anapiga pasi nguo zako sebuleni, na mimi nimekaa hapa kibarazani na karatasi zangu, nimetegesha kiti ili upepo usizipeperushe. Mambo ya kula, kufua na kutunza nauli mama yako ameshakuambia, na kwa jinsi ninavyomsikia akijisemea huko ndani, ataendelea kukuambia mpaka treni ianze kuondoka. Mimi nina jambo jingine. Ningeweza kulisema kwa mdomo, lakini tunajua wote inavyokuwa. Naanza kueleza, sijafika katikati nimeshaanza kuuliza maswali, na wewe unajibu "ndiyo, baba", "hapana, baba", kama mtu aliyeitwa kituo cha polisi. Nikiandika nitalazimika kujibu badala ya kuuliza.

Jambo lenyewe ni hili. Madam Judith alipokutumia ule ujumbe wake mfupi, "Njoo, tutazungumza ukifika," uliniuliza tukiwa mezani, "Baba, unadhani nimekosea nini? Mbona ghafla kabadilika?" Nikakujibu labda ana kazi nyingi, kisha nikaomba niongezewe mlenda. Hukukosea kitu, mwanangu. Nilimpigia simu mimi. Nilimpigia bila kukuambia, nikamhoji, nikamuudhi, na sasa unakwenda Dar es Salaam hujui kama ile kazi ya usaidizi wa sauti aliyokuahidi kwenye filamu yake bado ipo. Hata mimi sijui. Ninachojua ni kwamba ukifika atakuambia, na nisingependa uyasikie kwake kwanza.

Kasirika kwanza, una haki. Ukimaliza, endelea kusoma, maana nataka ujue nilifikaje huko.

Mama yako anasema nina ugonjwa wa masikio. Anasema aliolewa na fundi redio wa Kizota, kijana mcheshi mwenye kelele, kisha watu wa filamu wakamchukua yule kijana na kumrudishia mpelelezi. Huwa nabisha, lakini hakosei sana. Wale watu walikuja Dodoma kutengeneza tamthilia ya familia, wakapanga nyumba kule Nzuguni wakati bado ni vichaka na misingi ya nyumba. Upepo wetu ukawashinda. Unaujua, unaanza watu wakinywa chai na hautulii mpaka jioni, na kwenye maiki unasikika kama mtu anachana shuka. Mtu wao wa sauti alikata tamaa akarudi Dar, wakatafuta fundi yeyote anayejua nyaya, wakanipata mimi. Nilimwomba bibi yako wa Zuzu ngozi ya mbuzi yenye manyoya marefu, nikaishona kuzunguka maiki. Ilinuka vibaya. Waigizaji walilalamika kwamba hawawezi kuongea maneno ya mapenzi huku wakisikia harufu ya zizi, lakini upepo ukapungua, nami nikapata kazi.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuvaa hedifoni. Nyemo, wewe utaivaa karibuni, ikiwa sijaharibu, kwa hiyo nikuambie inavyomfanya mtu. Dunia inakuwa karibu mno. Unasikia mtu anameza mate. Unasikia soli ya kiatu inayotaka kuachia. Na unaanza kugundua kwamba watu wengi wanasema jambo moja huku vitu vinavyowazunguka vinasema jingine. Mwigizaji anaapa amekariri maneno yake yote, nami nasikia karatasi ikifunuliwa taratibu chini ya meza. Dereva anasema ametoka kujaza mafuta sasa hivi, na injini inakohoa. Kulikuwa na msanii mmoja maarufu ambaye sauti yake ilikuwa inakatikakatika, nikamshuku pombe. Nikamsogelea, nikamtega maneno, nikanusa. Hakuwa amekunywa kitu. Baadaye, tukiwa tunarekodi, kimaiki cha kwenye kola kikaniletea muungurumo wa tumbo lake, mrefu, na nikaelewa kwamba yule mtu ambaye watu walikuwa wanamkimbilia barabarani kupiga naye picha alikuwa hajala tangu jana yake. Niliona aibu, lakini haikunitibu. Nilijiambia tu kwamba nilikuwa sahihi, kuna kitu alikuwa anaficha.

Huko Kizota nako walinimaliza kabisa. Tulikwenda kupiga picha karibu na karakana za kuchomelea, na kila dairekta akisema "kimya", mafundi wote wanakumbuka wana geti la kukata. Mwanzoni nilidhani ni bahati mbaya. Kisha nikamwona mmoja hana hata chuma mkononi. Amewasha grainda inalia hewani, anatutazama usoni, anasubiri tumfuate tumbembeleze na soda. Nilicheka, naye akacheka, tukampa soda. Lakini nikarudi nyumbani nikamuuliza mama yako kwa nini jirani anatwanga kila ninapolala. Akaniambia, "Baba Nyemo, anatwanga kwa sababu ana mahindi."

Sasa nifike kwa Upendo. Hujawahi kunisikia nikimtaja.

Upendo alikuwa binti wa rika lako la sasa, mzaliwa wa hukuhuku, aliyepata nafasi ya kuigiza mtoto mkubwa wa ile familia. Alikuwa anajua kazi. Hakuwa na makeke, anafika mapema, anasalimia kila mtu kuanzia dairekta mpaka mama wa chakula. Aliyekuwa anamlipa yeye, na kutulipa sisi sote, alikuwa Gaspa, prodyuza, ambaye pia alijipa nafasi ya kuigiza baba mwenye nyumba. Kwa hiyo Gaspa alikuwa anashinda na kimaiki kwenye kola.

Kwenye kazi yetu kuna desturi. Dairekta akisema "kata", mtu wa sauti anateremsha sauti za vile vimaiki, kwa sababu watu wanasahau kwamba wamevivaa. Wanakwenda navyo chooni, wanagombana na wake zao kwenye simu navyo, wanakuteta wewe mwenyewe navyo. Kuteremsha ni adabu tu, kama kubisha hodi. Hakuna anayekukagua. Mimi nilikuwa nateremsha siku nyingi, na siku nyingine siteremshi. Nilikuwa nimeanza kumshuku Gaspa, kwa namna alivyokuwa akimwita Upendo pembeni kila mara na kurudi akiwa anatabasamu peke yake. Siku hiyo, watu walipokwenda kula, niliacha kimaiki chake wazi kwa makusudi.

Nikamsikia nyuma ya nyumba. "Jioni pitia pale ninapofikia, tuongee vizuri. Nataka nafasi yako iwe kubwa." Kisha sauti ya Upendo, mbali kidogo na maiki, taratibu kabisa: "Nimekusikia, bosi." Basi. Hayo tu ndiyo niliyoyasikia.

Nilitupa hedifoni mezani nikawafuata. Walikuwa wameshafika kwenye foleni ya chakula, na mbele ya watu wote, wa taa, wa mavazi, mama wa chakula na kijiko chake, nikamwambia Gaspa kila neno alilolisema. Nilimnyooshea kidole. Nakumbuka nilijiona mwanaume kwelikweli. Gaspa hakushtuka hata kidogo. Alicheka, akasema, "Fundi, yale ni maneno ya skripti, tulikuwa tunafanya mazoezi. Upendo, si tulikuwa tunafanya mazoezi?" Na wote, badala ya kumtazama yeye, wakamgeukia yule binti. Sahani ilikuwa mkononi mwake. Aliiweka chini akaingia ndani.

Kilichofuata sikukitegemea. Mimi hawakunifukuza. Nilijiambia Gaspa anaogopa, lakini leo nadhani alitaka nibaki pale anaponiona. Aliyeondoka ni Upendo. Kwenye hadithi hawakumuua wala hawakumwoza. Mwigizaji mwingine alipewa mstari mmoja wa kusema wakiwa mezani: "Dada tumempeleka kwa shangazi Tabora, atasoma huko." Nikashika fimbo ya maiki juu ya vichwa vyao nikarekodi mstari huo. Ulitoka vizuri mara ya kwanza, hakukuwa hata na upepo.

Nilimkuta Upendo stendi siku anaondoka. Nilikwenda nikitegemea anishukuru, mwanangu, huo ndio ukweli. Aliniamkia kama kawaida yake, "Shikamoo, kaka." Nikaanza hotuba yangu kuhusu Gaspa. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Sikuwa nakwenda jioni ile. Nilishamwambia dada wa mavazi, na kaka yangu alikuwa anakuja kunichukua. Nilikuwa nimebakiza vipande vichache tu nimalize, watu wanione, nijiondokee na jina langu. Sasa naondoka na maneno ya watu." Nikamwambia nilitaka kumsaidia. Akasema, "Najua. Lakini hukuniuliza."

Nilikasirika naye kwa muda mrefu, unaamini? Niliona hana shukrani. Ilinichukua miaka kukubali kwamba Gaspa nilimjua vizuri, ila yule binti sikumjua hata kidogo. Nilimsikia akisema neno moja nikaamua ni mjinga anayehitaji kuokolewa. Gaspa alimchukulia hivyohivyo.

Ungedhani mtu aliyepitia hayo hawezi kurudia. Basi ngoja nikueleze nilivyorudia wiki hii.

Ulipoleta ule ujumbe wa kwanza wa sauti wa Madam Judith, tulikuwa tunamenya karanga. Ukaweka simu juu ya ungo ukabonyeza. Sauti ya mwanamke mwenye haraka, mchangamfu: "Nyemo mdogo wangu, huku tuko lokesheni, kazi imepamba moto, nakuhitaji haraka, njoo usaidie upande wa sauti." Mama yako akapiga kigelegele kidogo. Mimi nikasema, "Hebu rudia." Ukarudia. Nikasema tena, "Rudia." Ukatabasamu, ukadhani baba yako anaona fahari. Hata ulipoleta ujumbe wa pili na wa tatu, nilikuomba uurudie, na kila mara ulikuwa unanitazama ukisubiri nifurahi.

Nilikuwa sisikilizi maneno yake. Nilikuwa nasikiliza nyuma yake. Lokesheni ina kelele zake, nimeishi nazo: watu wanaburuza viti, mtu anaita mtu, jenereta inanguruma, nyundo. Nyuma ya Madam Judith hakukuwa na hata kimoja. Kulikuwa na mwangwi mfupi, mkali, wa chumba kidogo chenye marumaru mpaka juu ukutani, na tone la maji linaanguka. Bafu. Ujumbe wa pili, bafu. Wa tatu, bafu lilelile, na mara hii nikasikia mlango ukifungwa kabla hajaanza kuongea. Nikaunganisha. Huyu hana lokesheni. Huyu yuko hotelini, anajifungia bafuni kusudi aliye naye chumbani asisikie anachomwambia binti wa watu. Nikaona uso wa Gaspa umevaa wigi.

Sikukuambia. Nilipaswa kukuuliza, "Nyemo, unamjuaje huyu mama?" Ungenijibu kwamba mwalimu wako wa chuo alifanya naye kazi, kama ulivyomwambia mama yako, ambaye alikuuliza. Mimi nikasubiri uende kuoga, nikachukua namba kwenye simu yako, nikaenda nayo mpaka Kizota kana kwamba nafuata waya wa shaba. Nikasimama nyuma ya karakana nikapiga.

Nikajitambulisha kama baba yako. Akaniamkia vizuri. Nikamwambia moja kwa moja, kwa sauti ile mama yako anaiita ya polisi, "Madam, unasema uko lokesheni. Mbona unaongea kutoka bafuni?"

Akacheka sana, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mzee, Nyemo aliniambia baba yake ni mtu wa sauti. Basi si unajua mwenyewe? Nyumba nzima ina watu. Jenereta liko uani. Mtu wangu wa sauti amekataza simu kila mahali, anasema mwenye simu aingie bafuni afunge mlango. Mimi ndiye bosi wake na ananifukuza!"

Mwanangu, amri hiyo niliitoa mimi. Katika kila nyumba tuliyofanyia kazi, nilikuwa nasimama asubuhi na kutangaza: mwenye simu, bafuni, na mlango ufungwe. Niliwafukuzia huko madairekta, niliwafukuzia huko wake za wakubwa. Sikuwahi kufikiria mtu aliye upande wa pili wa simu anasikia nini, kwa sababu siku zote mimi nilikuwa nje ya mlango, nikifurahia utulivu wangu. Nikaisikia amri yangu mwenyewe ikifuatwa, nikaiita uovu.

Ningemwomba radhi hapohapo nikakata simu, usingekuwa unasoma barua hii. Lakini ulimi wangu ulikuwa umeshashika njia. Nikamuuliza utalala wapi. Akasema chumba kimoja na wasichana wawili wa mavazi. Nikamwambia nataka kuongea na mmoja wao. Akasema wako kazini. Nikasema, "Wako kazini au hawapo?" Hapo sauti yake ikabadilika. Akasema, "Mzee, nikuulize na mimi. Nikimchukua Nyemo, nimemchukua yeye au nimewachukua wawili? Maana siku akichelewa kurudi kwa sababu ya mvua, siwezi kuwa nahojiwa namna hii. Msaidizi wangu wa sauti nahitaji aniambie mambo yeye mwenyewe." Akasema atafikiri. Ujumbe uliokuja baada ya hapo ndio ule wa "tutazungumza ukifika".

Nataka kuwa mkweli kwako mpaka mwisho: bado simwamini sana. Maelezo ya bafu nimeyakubali, nimeyakubali kabisa. Lakini kila kitu kingine kinachonijia kichwani kinakuja na alama ya kuuliza. Kwa nini haraka hivyo? Msaidizi wake wa zamani alikwenda wapi? Usiku huu nikipita mlangoni kwako nitaanza tena. Hayo ni maswali mazuri, Nyemo, na siyafuti. Ila ni ya kwako sasa. Muulize wewe, mbele yake, kwa adabu, na umtazame anavyojibu. Nilikosea kuyauliza kwa niaba yako kama vile hukuzaliwa na mdomo.

Tena sikuombi umwamini kila mtu. Mtu akikuambia siku ya kwanza "hapa sisi ni familia", mpe tabasamu na usogee na kiti chako karibu na mlango. Mtu akitaka mambo ya kazi myazungumzie mahali pasipo na watu, mwambie unasikia vizuri zaidi palepale mlipo. Upendo alikuwa na dada wa mavazi wa kumwambia. Tafuta wako mapema, kabla hujamhitaji. Na hedifoni ikikuletea jambo ambalo hukupaswa kulisikia, teremsha sauti. Likiwa jambo la hatari, mfuate mwenye jambo akiwa peke yake, umuulize anataka ufanye nini. Anaweza kukuambia umsaidie, anaweza kukuambia unyamaze, anaweza kukuambia ana mpango wake. Ni vigumu kuuliza ukiwa na hasira, najua. Mimi nimeshindwa mara mbili.

Kuhusu Madam Judith, akianza kuongea kesho, usinitetee. Nakujua, utataka kusema "baba ana wasiwasi tu, ananipenda". Usiseme. Mwambie baba alipiga bila mimi kujua, ameniambia mwenyewe, na ameahidi hatapiga tena. Kisha zungumzia kazi. Mwonyeshe unavyoweza kusikia waya uliolegea kabla haujakatika, jambo ulilojifunza ukiwa umekaa miguuni pangu karakanani, na ambalo sikukufundisha kwa kukusudia. Akikukatalia kwa sababu yangu, rudi nyumbani na usinisalimie mpaka utakapojisikia.

Kuna na jambo dogo. Nilikuwa nimeshaongea na binamu yangu wa Kimara apitepite karibu na mahali mtakapokuwa, ajifanye anatafuta nyumba ya kupanga. Leo mchana nimempigia nikamwambia aache. Alisikitika, alikuwa ameshaanza kufurahia.

Nikuambie ninachoogopa, maana si Madam Judith wala Gaspa wa huko uendako. Naogopa kwamba baada ya kusoma haya utafanya ambalo ningelifanya mimi: utaanza kunichagulia maneno. Utanipigia ukiwa sehemu tulivu, utasema "nzuri tu, baba", utauliza mvua, utakata. Na siku utakapokuwa kwenye matatizo ya kweli utakaa nayo peke yako, kwa sababu utaona kuongea nami ni mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Hilo linanitisha kuliko yote.

Kwa hiyo nikasirikie, mwanangu, lakini nikasirikie kwa sauti. Nipigie unifokee, nitasikiliza mpaka umalize. Nidanganye ukitaka, vijana hudanganya wazazi wao na maisha yanaendelea. Sitachambua kilicho nyuma ya sauti yako. Lakini siku mambo yakiharibika, saa yoyote, hata kama uliniambia uko kazini na huko nyuma nasikia muziki na vicheko, sema tu, "Baba, njoo." Sitakuuliza uko na nani. Sitakuuliza ulifikaje hapo wala kwa nini hukuniambia mapema. Swali langu litakuwa moja, na sitakuuliza wewe. Nitakwenda stesheni nimuulize aliye dirishani treni ya kwanza ya Dar inaondoka saa ngapi.

Baba yako